Maji Chini ya Petroli

Muuzaji aliyeniuzia jenereta alikuwa kijana mchangamfu, wa wale wanaotaka kila mteja atoke dukani na kitu cha ziada. Alinipa kichupa akaniambia umeme ukitulia na mashine ikakaa miezi bila kazi, nimimine kidogo kwenye petroli ili isichache. Nilimwambia dawa hiyo naijua tangu utotoni. Alidhani natania. Nilipofika nyumbani nilifungua kifuniko ili nihakikishe tu, na harufu ikanipanda puani: petroli na kitu kitamu ndani yake, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi zikawekwa karibu na vanishi. Nilikaa juu ya boksi la jenereta. Nina watoto wawili, na ofisini nikikohoa watu wananyamaza, lakini pale juu ya boksi nilikuwa na miaka tisa na masikio yangu yaliwaka moto kwa aibu.

Baba yangu alikuwa fundi wa pikipiki huko Bukavu. Mapadri, manesi na wachuuzi wa milimani, wote walimletea pikipiki zao, na alikuwa na tabia ya kufunga macho akisikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua. Tulipofika Durban hapakuwa na mtu wa kumkabidhi injini. Karatasi yetu ya ukimbizi ilikuwa ya kugongwa mihuri kila baada ya miezi michache, Kiingereza hakujua, na vyeti vyake vilibaki kwenye nyumba ambayo hatukuiona tena. Akawa analinda magari kwenye maegesho ya ufukweni, amevaa kizibao cha kung'aa, anawaonyesha watu wenye haraka mahali pa kuegesha. Jioni akirudi kwenye chumba chetu karibu na mtaa wa Point, nusu yake yetu na nusu ya familia nyingine ng'ambo ya pazia, pikipiki ikipita barabarani alikuwa akinyanyua kichwa na kusema valvu ya yule imelegea. Mama alikuwa akimwambia ale.

Siku moja mzee mmoja wa Kizungu alikwama pale kwenye maegesho na pikipiki yake ya zamani, nyekundu, yenye tanki kubwa kama tumbo la mbuzi aliyeshiba. Baba hakusema neno, maana hakuwa nalo. Alipiga magoti, akafungua, akasugua kitu kwa ubavu wa kiberiti, akafunga, akaonyesha kwa mkono kwamba mzee apige kiki. Ikawaka. Mzee huyo tulimwita Mister Des. Alikuwa fundi mstaafu wa meli zile ndogo za kuvuta meli kubwa bandarini, mjane, anaishi peke yake Bluff, kilimani ng'ambo ya bandari. Tangu siku hiyo kila Jumamosi baba alikwenda kwake kutengeneza hiki na kile, na mimi nilikwenda naye, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa baba.

Naomba nilieleze hili vizuri, maana ndipo lilipo jambo lenyewe. Kiingereza nilikiokota shuleni kwa mwaka mmoja, kama watoto wote. Watu wazima wawili, mmoja mweupe mwenye masharubu na mmoja baba yangu, walikuwa wakisimama kimya kunisubiri mimi nimalize kusema. Nilinenepa kwa sifa. Baba aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, na alinipa heshima ya jina hilo pia: nikisema jambo, kwake lilikuwa limesemwa na mtu mzima.

Kila mwaka, miezi ya baridi, Mister Des alikwenda ng'ambo kukaa na binti yake. Baridi ya Durban ni jambo la kuchekesha; asubuhi unavaa sweta, saa nne umeifunga kiunoni. Lakini yeye aliilaza pikipiki yake kwa sheria zote, kama inakwenda kufunikwa na theluji. Mwaka ule alitaka baba ndiye ailaze na kuitunza. Akaniambia nimwambie baba hivi: atakaporudi mwezi wa tisa, ikiamka vizuri, siku hiyohiyo atampeleka kwa rafiki yake mwenye karakana ya pikipiki, na huyo rafiki yuko tayari kumwajiri. Nilitafsiri. Baba aliniomba nirudie. Nilirudia, naye akageukia ukuta wa gereji kana kwamba anatafuta spana.

Jumamosi ya kuilaza tulikuwa wawili tu, Mister Des amekwishaondoka na kutuachia ufunguo. Upepo ulipanda kilimani kutoka bandarini na harufu ya molasi ya maghala ya sukari. Baba alitoa kichupa rafuni, akakishika kwenye mwanga, akapima kifuniko kimoja, kisha nusu, akamimina tanki likiwa nusu. Halafu akachukua kidumu cha petroli akaongeza polepole mpaka ikasimama mdomoni mwa tanki, inatetemeka. Akaniita nitazame. Niliona sura yangu mle ndani, ya rangi ya chai.

"Angalia, mama. Kama hewa inabakia, njo inaleta maji. Maji inakula chuma. Unajaza mpaka juu, hapana acha nafasi."

Kisha aliiwasha ingurume dakika kumi, ili dawa ifike mpaka kwenye kabureta, akaizima, akaongeza petroli iliyopungua mpaka mdomoni tena, akafunga koki chini ya tanki, akaipigapiga kiti akiiambia ilale vizuri. Aliifunika kwa blanketi. Tukiwa kwenye teksi ya kurudi mjini aliniomba nisimwambie mama chochote kuhusu kichupa wala kuhusu karakana. Jumamosi zilikuwa siku za maombi ya kufunga, mama aliamini baba yuko kazini ufukweni na mimi nimemfuata, na baba alitaka amshtukize na habari njema. Mtu mzima angeelewa. Mimi nilielewa kivyangu.

Kanisa letu lilikuwa ukumbi wa kukodi ghorofani, juu ya maduka. Palikuwa na mama mmoja mwenye sauti nzito, mkuu wa waombaji, ambaye sisi watoto tulimwita Mama Maombi. Simsemi vibaya, aliwahi kutulisha wiki mbili bila kutukumbusha. Lakini majuma yale alikuwa akifundisha kwa nini karatasi za watu hazitoki, kwa nini mtu mwenye ufundi wake anakuwa mlinzi wa magari. Alisema tukatafute nyumbani mwetu wenyewe. "Iko mutu mu nyumba anaficha kichupa," alisema. "Iko kitu anakilisha, anakilalisha, na siku kinaamka, ninyi njo munalala." Mama alitikisa kichwa kwa huruma, akidhani mambo hayo ni ya nyumba za wengine. Mimi kichupa nilikuwa nimekiona. Kulisha nimeona, kulaza nimeona, maneno ya kukiambia kilale nimeyasikia kwa masikio yangu, na nimekatazwa kumwambia mama. Hesabu ya mtoto haina deni: moja na moja ni mbili.

Nilimpenda baba yangu, na kwa sababu nilimpenda sikumshtaki. Niliamua kumwokoa. Chini ya kitanda tulikuwa na dumu la njano la maji yaliyoombewa, tuliyokunywa tukiwa na homa na kunyunyiza mlangoni. Nilijaza chupa tupu ya dawa ya kikohozi, nikaificha kwenye soksi.

Wiki mbili baadaye tulirudi Bluff, kwa sababu baba alikuwa na desturi ya kwenda kuzungusha magurudumu ili tairi lisikae upande mmoja. Alipomaliza alitoka kufyeka nyasi za langoni. Nilikunja blanketi. Nilifungua kifuniko cha tanki, kilikuwa cha kusokota tu. Petroli ilikuwa pale juu, pale pale alipoiacha. Nilimimina maji yangu kwa jina la Yesu, na kila yalivyoingia yaliisukuma petroli nje; ikamwagika juu ya rangi nyekundu, ikanilowesha mikono na sweta. Nilifuta kwa sweta hilohilo, nikafunga, nikafunika. Baba aliporudi alinusa. Akasema esansi, ndivyo alivyoita petroli, inanuka, akapiga magoti akakagua koki, akapapasa mpira wa mafuta kidole kwa kidole akitafuta panapovuja. Hakupaona. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimekunja sweta kifuani, na nilijisikia vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikilikumbuka, jinsi nilivyojisikia vizuri.

Na kana kwamba shetani alitaka kunikoleza, mwezi uleule tulikwenda kugonga muhuri na karatasi yetu ikaongezwa bila kutuambia turudi kesho. Mama alitoa ushuhuda kanisani akilia. Mimi nilikaa kwenye benchi la watoto nimenyoosha mgongo, nabii mdogo, nikijua peke yangu ni nani aliyefanya ile kazi.

Mister Des alirudi mwezi wa tisa. Sasa baba alimwambia mama kila kitu, na mama, baada ya kununa robo saa kwa ajili ya zile Jumamosi, akatoa kitenge chake kizuri. Baba alivaa shati la kanisani. Tulikwenda wote watatu, kwa kuwa baada ya pikipiki kuamka tungepita karakana baba akaonyeshwe mahali pake pa kazi.

Baba alifungua koki, akapiga kiki. Ya pili ikawaka. Iliwaka kama iliyozimwa jana, nayo ikanguruma sawasawa, na Mister Des akampiga baba begani akicheka, na mama akapiga kigelegele kimoja akajiziba mdomo. Kwa dakika moja hivi, baba yangu alikuwa fundi tena. Nilimwona akifunga macho, anasikiliza. Kisha nikamwona anayafumbua kabla sisi wengine hatujasikia kitu. Injini ilikohoa, ikashika, ikakohoa tena, ikafa.

Alipiga kiki mpaka shati likamganda mgongoni. Mwishowe Mister Des alimzuia, akaleta chupa ya kioo ya jamu, akachomoa mpira chini ya tanki, akaacha itiririkie humo. Akaiweka kwenye benchi, kwenye mwanga. Tulisimama wote tukitazama. Juu ilikuwa petroli, rangi ya chai. Chini, imejitenga kabisa na ina mpaka wake, palikuwa na maji, na ndani ya maji vumbi jekundu la kutu.

Niliyajua maji yale. Hakuna aliyenieleza na sikuhitaji kuelezwa. Niliyatazama yamekaa chini ya chupa, yamekataa kuchanganyika na kitu chochote. Dawa ya baba ilikuwa imefanya kazi yake. Yangu ndiyo iliyoua.

Mister Des hakupaza sauti. Alizungumza nami polepole, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdomo. Alisema petroli huvukiza ikikaa, hivyo kina cha tankini hakithibitishi kitu, na yako mambo mawili. Ama mtu amenyonya petroli akaweka maji badala yake, ama tanki halikujazwa, likakaa na hewa ya bahari miezi mitatu likatoa jasho. La kwanza asingependa kulifikiria. Nilimtafsiria baba, neno kwa neno, maana kutafsiri nilikuwa najua.

Baba alinitazama mimi, si yeye. "Mwambie nilijaza mpaka juu," alisema. "Mwambie mutoto mwenyewe aliona. Nilikuita, mama, uangalie. Mwambie."

Nilimwambia Mister Des kwamba baba anasema alijaza. Akainama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu, akaniuliza kama ni kweli niliona. Aliuliza kwa upole. Hata leo sijui ni nani mwingine angeweza kujibu swali lile. Hapakuwa na shahidi mwingine duniani. Nilikuwa nimeona mara mbili, siku ya kujaza na siku ile petroli iliponimwagikia mikononi kwa kukosa nafasi. Lakini kichwani mwangu jambo moja tu lilizunguka: nikisema lilijaa, wataniuliza basi maji yametoka wapi.

Nikasema sikuona. Kisha, kwa kuwa baba alikuwa amesubiri, nikamgeukia nikamwambia kwa Kiswahili: "Sikumbuke, papa. Sikuone kama ilijaa."

Hakukasirika. Afadhali angenipiga kofi mbele ya wote. Alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe, akatazama tanki, akatazama mikono yake. Nilikuwa nimepewa jina la mama yake na sikuwahi kumdanganya. Kama mimi niliyesimama pale sikuona, basi labda halikujaa. Nilimwona akifika hapo. Nilimwona akifika, na sikumzuia.

"Mwambie nimekosa," alisema. "Mwambie sikujaza muzuri."

Na hilo nikalitafsiri. Mister Des alishusha pumzi, nadhani kwa nafuu, maana alikuwa amepata mzembe badala ya mwizi. Alimpa baba mkono, akampa mama mfuko wa chokoleti za ng'ambo. Habari ya karakana haikutajwa na yeyote kati yetu. Kwenye teksi mama alisema ni adui ametupiga. Baba alisema hapana, si adui, ni yeye. Mimi nilipewa chokoleti nikaila, na ilikuwa tamu.

Baba hakugusa injini tena. Alilinda magari miaka mingi, kisha akauza laini za simu na betri za saa kwenye meza karibu na soko la Warwick, na huko nyumbani akaanza mambo ambayo wadogo zangu, waliozaliwa baadaye, waliyaona kama vituko vyake tu. Alijaza kila kitu mpaka kikamwagika. Kikombe cha chai alikujazia mpaka ukalazimika kuinama na kukinywa mezani kama ng'ombe. Ndoo, sufuria, chupa ya chumvi. Akifunga mlango alirudi kuusukuma mara tatu, halafu akamuuliza mtoto, "Umeona nimefunga?" Wadogo zangu walimcheka, na yeye akacheka nao. Mimi nilikuwa natoka chumbani.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na nilitembea juu yake nimevaa viatu vizuri. Nilikuwa na nafasi ya kusema nikiwa na miaka kumi na tano, nikiwa na ishirini, siku ya harusi yangu aliponibariki. Kila mara nilijiambia amesahau. Si kweli. Nilijua hajasahau, nilikuwa nakunywa chai yake iliyofurika kila nilipomtembelea.

Siku ile ya jenereta baba alikuwa kwangu, amekuja kukaa wiki mbili. Ana miaka sabini na kitu na magoti mabaya. Alinisikia uani, akatoka na fimbo yake, akakaa kwenye kiti cha plastiki kunitazama nikipima kifuniko. Alikitambua kichupa, niliona. Nilipoinua kidumu kuongeza petroli, akanionyesha tanki kwa fimbo.

"Ujaze mpaka juu, mama," alisema. "Mimi niliharibiaga mutu pikipiki yake. Sikujaza."

Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kovu la zamani. Niliweka kidumu chini. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama na mikono inanuka: Mama Maombi na kichupa, dumu la njano chini ya kitanda, chupa ya kikohozi kwenye soksi, sweta. Nikamwambia nilifungua kifuniko na petroli ilikuwa mdomoni kabisa, hata maji yangu hayakuwa na pa kwenda ila kuimwaga. Nikamwambia Mister Des aliponiuliza nilidanganya, na nilipomgeukia yeye nilidanganya tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilijiandaa hata kwa msamaha, na huo ndio niliouogopa zaidi.

Hakuniuliza habari ya maji. Hakuniuliza kwa nini, wala kwa nini leo. Aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha fimbo.

"Tanki," alisema. "Uliliona?"

Nikasema niliona, baba, mara mbili.

"Ilijaa?"

"Ilijaa mpaka juu."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Kisha akaitazama mikono yake, mmoja halafu mwingine, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kuzoea kukikosa.

"Kumbe nilijazaga," alisema.

Akainuka bila fimbo, akanyanyua kidumu nilichokiweka chini, akajaza mwenyewe jenereta yangu. Aliacha kumimina petroli ilipofika mdomoni, akafunga kifuniko, na hakumuuliza mtu kama ameona.